Betri Ndogo ya Prius

Prius ikikataa kuwaka asubuhi, usiharakie kuamini ya kwamba betri kubwa imekufa, ukaenda kukopa. Huenda mgonjwa ni ile ndogo ya volti 12. Hiyo haizungushi injini. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kuufungulia njia umeme wa ile kubwa.

Ikiwa taa iliachwa ikiwaka usiku kucha, itiwe umeme kwanza, ilazwe, kisha ipimwe. Volti 12.6 ni nzima. Ikishuka chini ya 12 bila ya kutumiwa, basi ibadilishwe. Lakini ikiwa hukaa nyuma, ndani ya gari, nunua ya namna yake yenye mpira wa kutolea hewa nje (rahisi ya sokoni haina), kwani hewa hiyo hushika moto, na watoto huketi karibu.