Watoto Wameenda kwa Bibi, Tumebaki Wawili

 

Ndugu msomaji, Juni iliyopita, shule zilipofungwa, tuliwapandisha watoto wetu watatu kwenye basi la alfajiri hapa Mbeya wakiwa na mjomba wao, waende Iringa kwa bibi yao mzaa mama. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300: Uyole, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, hadi Ipogolo na kupanda mlima kuingia mjini. Kwa mdogo wao, mwenye miaka minne, ilikuwa mara ya kwanza kulala mbali nasi. Tulisimama stendi hadi basi likapotea machoni, kisha tukarejea nyumbani tukiambiana kwamba sasa tutapumzika.

Usiku ule, baada ya swala ya Isha, mwenzetu aliandaa wali wa Kyela na maharage ya nazi. Baridi ya Juni mnaijua. Tuliketi kwenye mkeka, sinia moja katikati, bila kilio, bila ugomvi wa nani amemsukuma nani. Kabla sinia halijafika nusu tulikuwa tumekwisha kupiga simu Iringa mara mbili. Tulipohakikishiwa kwamba watoto wamekula na wamelala, tukanyamaza. Tukatazamana. Hatukuwa na la kusema.

Tulikuwa tumezoea kuzungumza kuhusu ada, sare, kikohozi na daftari lililopotea. Hayo yalipoondoka na basi, maneno yote yaliondoka nayo. Tukaichukua simu tusome ujumbe wa kamati ya msikiti. Mwenzetu akainuka, akaosha vyombo, akaenda kulala akiwa ameelekea ukutani.

Siku ya tatu ndipo aliposema. Alisema kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu: "Baba watoto, kila kikao cha msikiti una muhtasari wake. Kikao chetu cha mwisho, mimi na wewe, kilikuwa lini?"

Tulicheka tukidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akatueleza kwamba katika mwezi wa Rajab, usiku mmoja, alifunga begi ili aende kwa mama yake Iringa, na hakuwa amepanga siku ya kurudi. Hakuna aliyempiga. Hakulala njaa. Hapakuwa na mwanamke mwingine. Alisema alikuwa amechoka kuishi na mtu anayepita. Usiku ule mtoto mdogo akashikwa na homa, na mama akakaa naye hadi asubuhi. Kulipopambazuka alizirudisha nguo kabatini, asimwambie mtu.

Sisi tulikuwa wapi? Tulifungua jalada tukatafuta. Tulikuwa kwenye kikao hadi saa nne usiku, tukijadili tangi la maji ya udhu. Muhtasari upo, umeandikwa vizuri na umetiwa saini. Tuliporudi tulipita kando ya begi lile mlangoni, na hatukuliona.

Tunayaandika haya kwa idhini yake, naye ameyasoma kabla hayajafika kwa mhariri. Mengine tuliyozungumza, na yote ya faragha ya mume na mke, yanabaki ndani, kwani Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali anayeitangaza siri ya chumbani kwake. Tumeona hili moja litolewe kwa sababu tunahofu kwamba mabegi ya namna hiyo yapo katika nyumba nyingi.

Kwa nafasi yetu ya ukatibu tunakaa mahali ambapo migogoro hupita. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa wanandoa ufikishwe kwanza mbele ya baraza la usuluhishi kabla ya kuombwa talaka mahakamani, na wengi, kabla hata ya baraza, humwendea imamu. Hufika na habari za pesa ya matumizi, za simu, za mawifi. Ukiwasikiliza kwa subira, mara nyingi chini kabisa utakuta sentensi fupi: siku hizi hatuzungumzi. Tumewahi kuwanasihi watu kama hao kwa aya na hadithi, tukiwa hatujui kwamba sentensi hiyo ilikuwa ikiishi nyumbani kwetu.

Wapo watakaosema kwamba kufurahia kutokuwepo kwa watoto ni kukosa shukrani. Watoto ni neema na ni amana, hilo halina ubishi. Lakini tuirejee Sura Ar-Rum, aya ya 21. Humo Allah (s.w.) anataja kuwa miongoni mwa ishara zake ni kutuumbia wenza ili tupate utulivu kwao, na kwamba ametia baina yetu mapenzi na huruma. Aya hiyo inawataja wawili tu. Utulivu wao ni neema inayojitegemea, na watoto wanapozaliwa huukuta, wakaota jua lake.

Tuendelee hadi Sura An-Nur, aya ya 58. Humo waumini wanaamrishwa kwamba watoto wasiobaleghe waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya swala ya Isha. Tuliisoma aya hii chuoni, tukafanyia mtihani, tukafaulu. Hatukuwahi kujiuliza inasema nini kuhusu nyumba yetu. Inasema kwamba wazazi wamewekewa faragha yao kila siku, watoto wakiwa humo humo ndani, bila kungoja likizo ya Juni. Kwetu sisi, mlango haukuwa ukibishwa saa yoyote, na mtoto wa miaka minne alikuwa akilala katikati yetu kila usiku kwa kisingizio cha baridi.

Na kwa wale ambao, kama sisi, hujificha nyuma ya kazi za dini, kipo kisa cha Salman Al-Farisi (r.a.). Alipomtembelea ndugu yake Abu Dardaa (r.a.) alimkuta mkewe hajijali tena kwa mavazi, kwa kuwa mumewe alifunga mchana na kusimama usiku. Salman akamfundisha ndugu yake kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki, na mke ana haki, na kila mwenye haki apewe haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alisema Salman amesema kweli. Kama ibada ya usiku ilipimwa hivyo, tangi la maji nalo halina budi kupimwa.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe, pamoja na mzigo wa umma mzima, alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) safarini. Bibi akashinda. Baada ya muda wakashindana tena, naye Mtume akashinda, akamtania kwamba sasa wamelipana. Aliwaambia wenzake watangulie, ili wabaki wawili. Aliyeutafuta wakati huo ni Mtume. Nani kati yetu ana shughuli kuliko yeye?

Siku zilizobaki hatukufanya makubwa. Tulimwomba katibu msaidizi ashike kalamu katika kikao kimoja, na kikao hakikuharibika. Baada ya Isha simu zilikaa kwenye droo. Baada ya Alfajiri tuliketi na chai ya Rungwe hadi jua likaugusa mlima Loleza. Jumamosi tulitembea pamoja hadi soko la Mwanjelwa, bila haraka, yeye akichagua khanga nasi tukibeba kikapu. Huko njiani ndipo tulipojua kwamba anatamani kumalizia masomo ya ualimu wa chekechea aliyoyaacha alipopata mimba ya kwanza. Miaka tisa tumekaa naye nyumba moja bila kulijua hilo.

Tulikwenda kuwachukua watoto siku moja kabla, sote wawili, na begi tulilobeba ni lile lile. Alasiri tulipanda Gangilonga, lile jiwe kubwa linalouangalia mji wa Iringa, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalozungumza. Husimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akipanda hapo kutafakari. Tuliketi juu yake hadi Magharibi ilipokaribia, tukizungumza, na mara nyingine tukinyamaza. Kimya hicho hakikufanana na cha usiku ule wa kwanza.

Ndugu msomaji, unapowapeleka watoto kwa ndugu, wapeleke kwa mtu unayemwamini dini na tabia yake, ujue wanalala wapi na pamoja na nani, na uwapigie simu kila siku. Faragha ya wazazi isinunuliwe kwa usalama wa mtoto. Asiye na bibi wa kumpelekea, aanze na mlango: wafundishe watoto kubisha hodi. Kisha nusu saa baada ya Isha, bila simu, bila habari za ada. Muulize mwenzako jambo ambalo jibu lake hulijui.

Hatudai kwamba tumefaulu. Mwezi uliopita vikao viwili vilivuka saa tatu, na mtoto mdogo bado hubisha hodi usiku wa manane akidai ameona chui. Lakini anabisha. Nasi sasa, tukirudi kutoka msikitini, kabla ya kuvua viatu huangalia kilichopo mlangoni, kisha humtafuta aliyemo ndani.

Allah (s.w.) azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma, na atulindie watoto wetu popote walipo. Aamin. Wabillahi tawfiq.