Mtoto Aliyezaliwa na Malengelenge

Ndugu msomaji, mama amejifungua salama na nyumba imejaa furaha. Siku ya pili nepi inafunguliwa, na juu ya visigino na magoti ya mtoto yanaonekana malengelenge yaliyojaa maji, kana kwamba ameunguzwa. Hapo minong'ono huanza. Huyu atasema mama alimwogesha kwa maji ya moto. Yule atasema ni mkono wa jirani. Wa tatu atanong'ona kuwa mtoto amebemendwa. Katika minong'ono hiyo siku hupita, nazo siku hizo ndizo zenye thamani kuliko zote.

Yapo maradhi ya ngozi ya kurithi ambayo madaktari huyaita epidemolisisi bulosa, jina lililotolewa na daktari Mjerumani, Heinrich Köbner, mwaka 1886. Ngozi yetu ni matabaka yaliyoshikamanishwa na protini, mfano wa nguo mbili zilizoshonwa pamoja. Chembe za urithi zinazoongoza utengenezaji wa protini hizo zikiwa na kasoro, mshono hulegea. Msuguano mdogo tu, wa nepi au wa mkono wa mlezi, hutosha kuyaachanisha matabaka, na maji hujaa katikati. Maradhi haya hayatokani na uchafu wala hayaambukizi.

Lakini si kila lengelenge ni la urithi. Kaswende ya kuzaliwa nayo huleta malengelenge, hasa viganjani na nyayoni. Wapo pia bakteria wa ngozi, na virusi vya hapesi viwezavyo kumuua mtoto mchanga upesi asipotibiwa. Maradhi hayo yana dawa, ila dawa haingoji. Kwa hiyo lengelenge kwa mtoto mchanga ni jambo la kupelekwa hospitali siku ile ile.

Daktari akishuku urithi, hukata kipande kidogo sana cha ngozi kitazamwe kwa darubini maalumu, au hutoa damu ili chembe za urithi zichunguzwe. Vipimo hivyo havipatikani kila mahali, hivyo yafaa wazazi waombe mapema kuonwa na daktari wa ngozi. Kwetu Tanzania, madaktari wa fani hiyo wamekuwa wakifunzwa Moshi, katika kituo kilichoanzishwa KCMC mwaka 1992.

Mtu atauliza: kuna faida gani kujua aina? Ipo kubwa. Aina moja aghalabu ni nyepesi, na mtoto hukua, husoma na kufanya kazi. Nyingine huacha makovu, huweza kugandamanisha vidole na kubana koo, na baadaye huweza kuleta saratani ya ngozi. Nyingine tena ni kali mno, na watoto wengi walio nayo hawamalizi utoto wao. Mzazi anastahili kuambiwa ukweli huo, hata ukiwa mchungu.

Wakati majibu yakingojwa, mikono ya nyumbani ina kazi. Msimnyanyue mtoto kwa kumshika makwapa. Mlazeni juu ya kitambaa laini na mwinueni pamoja nacho. Msimbandike plasta, kwani huondoka na ngozi. Mwombeni muuguzi awafundishe kutoboa lengelenge kwa sindano safi isiyotumika kabla, maji yatoke, na ngozi ya juu iachwe ifunike kidonda. Kidonda kipakwe vaselini na kufungwa kwa shashi isiyogandia. Dawa ya meno, mafuta ya taa na majani yasikaribie kabisa. Nguo ziwe pana, na mishono yake igeuzwe nje. Mama aendelee kunyonyesha, na midomo ya mtoto ipakwe vaselini kwanza.

Sasa neno kwa baba. Katika baadhi ya aina, mzazi mmoja mwenye maradhi huweza kumrithisha mtoto, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 2. Katika nyingine, wazazi wote wawili wamebeba kasoro iliyojificha bila wenyewe kuumwa, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Mara nyingine kasoro huanza kwa mtoto mwenyewe. Yuko wapi basi mwanamke wa kulaumiwa? Kabla ya mimba nyingine, nendeni wote wawili mkapate ushauri.

Tiba ya kuyang'oa maradhi haya haijapatikana. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka vidondani, inayoipelekea ngozi chembe ya urithi iliyokosekana kwa aina mojawapo; lakini bei yake ni kubwa mno. Kwetu sisi kinga iliyo karibu ni macho ya mkunga, hekima ya wazazi na kuwahi.

Ndugu msomaji, ukisikia minong'ono hiyo katika nyumba ya jirani yako, usiiongezee neno. Chukua kitambaa laini, uwasindikize hospitali.