Kuchakachua, Kurekebisha au Kunoa? Hoja Kuhusu Vitenzi vya Ufundi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, mjadala wa istilahi umeelemea zaidi kwenye majina kuliko vitenzi. Wataalamu wamebishana kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Ni wachache waliouliza fundi anaitendea nini mashine hiyo anapoifungua. Makala hii inadai kwamba pengo lililopo kwenye vitenzi ndilo lenye madhara zaidi.

Tuchukue mfano wa kikokotoo cha grafu. TI-85 ya kampuni ya Texas Instruments, iliyotolewa mwaka 1992, ilitumia kichakataji cha Z80 chenye kasi ya takriban megahezi 6. Katika baadhi ya vikokotoo vya aina hiyo, mapigo ya saa ya ndani hutegemea kapasita ndogo: uwezo wake wa kuhifadhi chaji ukipunguzwa, mapigo huongezeka. Hivyo wapenzi wa vyombo hivyo waliibandua kapasita na kulehemu nyingine ndogo zaidi mahali pake. Grafu ilichorwa upesi, lakini betri iliisha mapema, na mapigo yakizidi kiwango, kioo huvurugika au chombo huganda. Je, tendo hilo huitwaje kwa Kiswahili?

Kurekebisha hakufai, kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Kuboresha hutaja faida na kuficha gharama. Kuchakachua, kitenzi kilichovuma nchini Tanzania kwa habari za mafuta yaliyochanganywa, na ambacho katika Uchaguzi Mkuu wa 2010 kilihamia kwenye kura, kimebeba hukumu ya udanganyifu. Mwanafunzi anayefungua kikokotoo chake mwenyewe ili ajifunze hajamdanganya mtu.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi mahali kama Tunduma. Vikokotoo vya grafu si vyombo vya kila siku katika shule za Mkoa wa Songwe, lakini ufundi wa simu na redio upo. Mji huo unapakana na Nakonde ya Zambia; Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili hukutana hapo na Kibemba na Kiingereza. Katika mazingira hayo fundi na mteja mara nyingi hawaandikiani mkataba. Kitenzi ndicho mkataba. Fundi akisema "nitairekebisha", mteja hutarajia chombo kirudi kilivyokuwa. Kikifa baada ya wiki mbili kwa sababu kiliharakishwa, nani alipe? Lugha isiyotenganisha kutengeneza na kubadili kwa hiari humwacha mnyonge bila hoja.

Pendekezo la makala hii ni kitenzi kunoa. Kisu kilichonolewa hukata upesi, lakini kila kinaponolewa bapa lake hupungua. Faida na gharama zimo katika neno lenyewe. Aidha, upanuzi wa maana umekwisha kuanza: kurasa za michezo husema kocha anainoa timu. Kutokana nalo tunaweza kupata unoaji, mnoaji na kikokotoo kilichonolewa.

Yawezekana kupinga kwamba neno hilo ni pana mno, na kwamba kutohoa neno la kigeni kungekuwa sahihi zaidi kitaalamu. Upana huo unaweza kudhibitiwa kwa kusema kunoa mapigo pale usahihi unapohitajika. Neno lililotoholewa, kwa upande mwingine, lingemfaa mhandisi ambaye tayari analijua asili yake, na kumwacha mteja gizani vilevile.

Hata hivyo, neno halithibitishwi na kamati peke yake. Kikokotoo chenyewe ni ushahidi: mwaka 2018, katika mabishano juu ya mafao ya wastaafu, neno hilo lilichukua maana ya kanuni ya kukokotoa pensheni, na kwa wafanyakazi wengi hiyo ndiyo maana inayokuja kwanza. Hakuna kikao cha istilahi kilichopanga hivyo.

Kwa hiyo idara za Kiswahili ziwapeleke wanafunzi wa uzamili kwenye meza za mafundi wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, wakasikilize na kuandika vitenzi vinavyotumika, kabla ya kusanifu vingine. Ikionekana huko kwamba mafundi wana neno bora kuliko kunoa, basi kunoa na kuachwe bila majuto.