Ukame Hauanzii Mbinguni Peke Yake



Kila mvua zinapokosekana Tanzania, nasikia majibu mawili. Mzee kijijini anasema ni mapenzi ya Mungu. Mheshimiwa kwenye warsha anasema ni mabadiliko ya tabianchi, wa kulaumiwa ni nchi tajiri. Mzee simbishii, imani yake ni yake. Mheshimiwa ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ameifanya kichaka cha kujificha. Ipo sehemu ya ukame tunayoitengeneza wenyewe, chini, kwenye udongo.

Hapa hakuna uchawi. Jua likipiga ardhi yenye unyevu, sehemu kubwa ya nguvu yake huishia kugeuza maji kuwa mvuke. Kazi hiyo ni nzito: kilo 1 ya maji hula joto zaidi ya mara 5 ya lile la kuipasha kutoka nyuzi 0 hadi 100. Udongo ukikauka, joto hilo huingia kwenye hewa. Hewa ya moto hupanda, na ya jirani iliyo baridi huja kuziba pengo. Aliyekulia Tanga au Unguja anaujua upepo huo: mchana nchi kavu hupata joto kuliko bahari, upepo ukavuma kutoka baharini. Ardhi mbichi inayopakana na ardhi kavu hufanya hivyo hivyo, kwa kiasi chake. Mwaka 2011 Christopher Taylor na wenzake, kwa kutumia picha za setilaiti za Sahel, walionyesha kwamba dhoruba za mvua huelekea kuzaliwa pale udongo mkavu unapokutana na wenye unyevu. Lakini mvuke lazima utoke mahali. Mkikausha eneo zima, mnabaki na joto na vumbi.

Walioko Marekani waulize wenyeji wa Oklahoma na Kansas. Walilima eneo kubwa la mbuga, ukame wa miaka ya 1930 ukawakuta ardhi i uchi. Tarehe 14 Aprili 1935 vumbi liligeuza mchana kuwa usiku. Haikupita wiki mbili, tarehe 27, Rais Roosevelt akatia saini sheria ya kuhifadhi udongo. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ardhi ile iliyoharibiwa iliuzidisha ukame wenyewe. Wao walitunga sheria. Sisi tunafanya semina na kugawana posho.

Si kwamba hatujui. Kondoa, mradi wa HADO ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye kilomita za mraba 1,256. Majani yakarudi. Lakini gharama aliibeba nani? Mfugaji, aliyeamriwa kuhama na ng'ombe wake. Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Ardhi ikafunikwa tena, bila kumfukuza mtu kwao.

Sisemi ngitili moja inaleta mvua. Shamba moja halibadili upepo. Tofauti zilizoonekana Sahel ni za makumi ya kilomita, yaani ukubwa wa wilaya. Ndiyo maana nasema hili ni suala la siasa. Mkulima anaweza kuchimba makinga maji shambani kwake, lakini hawezi kupanga matumizi ya ardhi ya wilaya nzima. Hiyo ni kazi ya halmashauri, na kwa kazi hiyo analipa kodi. Kumpa miche mitano siku ya sherehe, kamera zikiwepo, halafu kumwambia apambane na tabianchi, ni usanii.

Na sisi wa huku tusijitoe. Tunachangishana kuchimba visima, jambo jema. Lakini mvua ikinyesha kwenye ardhi tupu, maji yanakimbilia korongoni. Kisima kitajazwa na nini? Kabla ya kutuma senti nyingine, tuulize kijiji kina makinga maji mangapi. Na mheshimiwa akija tena ughaibuni kutuhutubia juu ya uwekezaji, aulizwe swali moja: halmashauri za jimboni kwake zimetenga shilingi ngapi kwa ajili ya udongo?

Naomba kuwasilisha.