Kiko cha Mateka si Nishani

Wako watu wanaokikuza kiko kilichochongwa na askari wakati wa vita hata wakakifanya nishani. Wakiona kichwa chake kimenakshiwa, na jina na mwaka vimekatwa ubavuni, husema kwamba huo ndio ushujaa. Usemi huo ni mtamu masikioni, walakini haustahili kupita bila ya kujibiwa, maana unakipokonya kiko ushahidi wake.

Vita vya Waingereza na Makaburu, vilivyopiganwa Afrika ya Kusini tangu 1899 mpaka 1902, vyatosha kuwa mfano. Tarehe 27 Februari, 1900, Jenerali Piet Cronjé alisalimu amri huko Paardeberg pamoja na watu wapatao 4,000. Yeye na maelfu ya wenzake walipelekwa kisiwa cha St Helena. Mateka wengine walipelekwa Bermuda, India na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Huko kambini siku zilikuwa ndefu na kazi haba. Mateka wakashika visu, wakachonga bakora, visanduku na viko kwa mbao na mifupa. Baadhi ya vitu hivyo waliviweka kuwa ukumbusho. Vingine waliviuza wapate fedha kidogo.

Basi kiko cha namna hiyo kilichongwa baada ya bunduki kuwekwa chini. Kinashuhudia subira na upweke wa mtu aliyetengwa na nyumba yake kwa bahari, na mkono uliokataa kukaa bure. Mtu aweza kumhurumia mchongaji bila ya kulitukuza jeshi lake, na kuusifu ufundi wake bila ya kuvisifu vita. Ayachanganyaye mambo hayo hamheshimu mchongaji, bali humtumia.

Liko na kosa jingine, nalo ni kubwa zaidi. Jina lililokatwa katika kiko humfanya mtazamaji adhani kwamba walioumia ni wenye majina tu. Vita vile viliitwa vita vya Wazungu, na jina hilo ni la uongo. Waafrika waliotumikia pande zote mbili, wakiendesha magari ya ng'ombe, wakitunza farasi na kupeleleza, wanakadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Waingereza walipochoma mashamba, waliwatia kambini wanawake na watoto wa Kikaburu, na zaidi ya 26,000 kati yao walikufa. Waafrika nao walitiwa katika kambi zao za peke yao. Vifo vyao vilivyoandikwa tu vinapita 14,000.

Wahenga walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Waliisema methali hiyo kwa kuonya, kabati la makumbusho lisipoangaliwa huigeuza kuwa sheria.

Atatokea mtu aseme kwamba kiko ni kiko, hakiwezi kubebeshwa mizigo ya watu wote. Ni kweli, lakini kadi iwekwayo kando yake yaweza. Mistari mitatu yatosha: kiko hiki kilichongwa na mateka, alikichonga uhamishoni, mbali na mapigano, na katika vita hivyo hivyo walikufa Waafrika kwa maelfu, ambao majina yao hayakukatwa katika mti wala mfupa. Mwenye kukusanya viko asiyekubali kuandika mistari hiyo anatunza majivuno, na historia haimhusu.