Kabla ya kutuambia "limeni nyumbani", pimeni udongo

Vijana wenzetu, mama na baba wa Lubumbashi,

Kila wakati meka ya unga inapopanda bei sokoni, anatokea mkubwa mmoja kwenye redio na wimbo ule ule: vijana warudie udongo, kila lupango iwe na bustani yake, tule vya kwetu, tule "bio", tuache kungojea unga wa Zambia. Tumesikia. Na wimbo wenyewe haiko mubaya. Sisi tulikuwa wa kwanza kuuitikia, na njo maana leo tuko na haki ya kusema.

Mwaka jana tulikuwa watu nane, wote na diploma ya chuo kikuu, wote mashomeri. Wawili kati yetu walisoma agronomia, muwaulize wenyewe tangu lini wanatafuta kazi. Tulipewa kipande cha lupango ya mama wa mwenzetu mmoja, komini ya Katuba. Tulilima matuta sita: lengalenga, mashu, matembele, nyanya kidogo. Hatukutia mbolea ya duka wala dawa ya wadudu. Tulichanganya mavi ya kuku, majani makavu na maganda ya jikoni, tukageuza lile rundo kila juma mpaka likawa jeusi na laini. Maji tulichota kisimani, maana bomba ya avenue ile inatoaka upepo kuliko maji. Juma la nne lengalenga ilikuwa tayari. Mama alikata ya kwanza, akaipika na karanga, tukala na bukari. Siku ile tulijisikia matajiri.

Siku ya kuuza njo tulipata somo. Mama mmoja alishika fungu, akaligeuza, akauliza: "Hii mboga yenu imetoka upande gani? Haiko ya kule kwenye moshi?" Tukamjibu haraka: hapana mama, hii ni bio, hatukutia kitu. Akatuangalia. "Sikuuliza mulitia nini. Nauliza udongo." Akarudisha fungu mahali pake, akaenda.

Mama yule alitushinda na diploma zetu zote nane. Neno "bio" linasema mkulima hakutia nini. Halisemi kitu juu ya kile ambacho wengine walitia mbele mkulima hajazaliwa.

Tanuru la shaba la mji huu liliwashwa mwaka 1911, wakati wa Union Minière, kisha likawa la Gécamines. Kwa makumi ya miaka moshi wake ulibeba vumbi la shaba, risasi, kadmiamu, aseniki na kobalti. Upepo wetu mara nyingi unatoka kusini-mashariki, basi vumbi lilikuwa likianguka kaskazini-magharibi. Mtu akitaka kuona kwa macho, aende upande wa Penga Penga: msitu ulikufa, sehemu nyingine udongo ulibaki uchi, na kile kilichorudi ni nyasi fupi tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamepima, haiko siri. Mwaka 2009 walichapisha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wako na kobalti nyingi kupita kiasi katika mkojo wao. Wengine walipima udongo na mboga za bustani. Yote imeandikwa, kwa Kifaransa na Kiingereza. Lakini sisi tumepita soko ya Kenya, ya Katuba, ya Ruashi, hatujaona hata karatasi moja kwa Kiswahili inayomwambia mama muuza mboga kitu.

Na kuna mambo ambayo mama huyo angepaswa kuambiwa. Risasi inakaa zaidi katika vumbi lililo juu ya jani, na katika udongo ule mtoto anashika na kutia mdomoni. Ukiosha mboga vizuri, vumbi linatoka. Kadmiamu yenyewe inapitia mizizi, inapanda mpaka ndani ya jani, na hapo hata uoshe mara kumi haitoki. Mboga zetu za kila siku, lengalenga na mashu, ni majani, na majani njo yanabebaka zaidi. Nyanya na hindi vinabeba kidogo. Udongo ukiwa mchachu, mmea unavuta zaidi. Chokaa na mbolea iliyooza vizuri vinapunguza. Udongo safi uliotiwa ndani ya mifuko pia unasaidia. Kwa hiyo kuna la kufanya! Ila mbele ya kufanya, lazima ujue uko na udongo gani.

Basi tulienda kuuliza. Ofisi ya kwanza ilitutuma kwa ya pili, ya pili ikatuomba barua yenye muhuri, muhuri nao ulikuwa na bei yake. Maabara moja ilitutajia malipo kwa dola, kopo moja la udongo, kila madini na bei yake. Tulipiga hesabu pale mlangoni: kopo moja lilipita faida ya matuta yetu yote sita. Tukarudi kwa miguu.

Tunajua watakaosema nini. Watasema tunawatia watu woga waache mboga. Bule. Mtoto asiyekula mboga anaumia, hiyo haina shaka, na wale mama wanaolima kandokando ya mito yetu njo wanalisha mji huu bila mshahara wala asante. Yeyote atakayechukua maneno yetu ili awafukuze pale na kuuza viwanja vyao, ajue hatuko pamoja naye. Anayepaswa kuulizwa ni aliyechafua, na yule aliyenyamaza.

Mwenye pesa, yeye, shida hii haimgusi. Anaingia supermarketi ya mjini kati, ananunua karoti zilizotoka Afrika ya Kusini ndani ya plastiki, analipa kwa dola. Kisha jioni njo anakuja redioni kutufundisha kulima.

Na haiko historia ya zamani tu. Mwezi wa 11 mwaka 2025 maji machafu ya bwawa la kampuni moja ya madini yalimwagika ndani ya mitaa ya Lubumbashi, watu wakikanyaga humo. Serikali ilisimamisha kampuni, vizuri. Na bustani zilizopitiwa na maji yale, nani alirudi kuwaambia wenyewe kama walime tena ao waache?

Katiba, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya na ya chakula. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi. Kuhusu pesa, musituambie hakuna. Sheria ya madini ya 2018 inatoa kwa jimbo asilimia 25 ya ile kodi ya madini inayoitwa redevance, na asilimia 15 kwa mji ao sekta ambamo madini yanachimbwa. Juu ya hiyo, kila kampuni inapaswa kuweka asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wananchi wa kando yake. Zamani gavana mmoja wa Katanga alidai kila kampuni ya madini ilime hekta 500 za mahindi. Unga wa Zambia bado njo tunakula.

Tunachoomba si kikubwa. Udongo wa kila kartiye upimwe, na maji ya visima pamoja, kwa pesa ya redevance. Matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye kila soko na kila kituo cha afya, avenue kwa avenue. Pale udongo ni mubaya, chokaa itolewe bila malipo, na waliochafua walipe. Na kazi hiyo ya kupima wapewe vijana waliosoma kemia na agronomia, wanaouza leo mikopo ya simu chini ya mwavuli. Wako wengi, tunaweza kuwaletea orodha kesho.

Siku ya kazi mbili ya juma lijalo, saa tatu ya asubuhi, tutakuwa mbele ya ofisi ya jimbo. Hatutakuja na mawe wala matairi. Kila mtu alete kiganja kimoja cha udongo wa lupango yake ndani ya sasheti, aandike juu yake komini, kartiye na avenue. Tutavipanga chini kwa mstari mbele ya mlango, na tutaomba risiti ya kila kimoja. Sisi tutaleta ule wa Katuba.