Bata kwenye foleni ya mbwa

Jumatatu, kliniki ya mifugo mjini Morogoro. Foleni nzima ni mbwa waliokuja kuchanjwa kichaa, na katikati yao mama mmoja na tenga mapajani, ndani yake bata jike mweupe. Daktari, kijana, akamwamkia.

"Shikamoo mama. Huyo ni wa sikukuu?"

"Marahaba mwanangu. Ni wa mjukuu wangu, na jina analo."

Foleni ikaangua kicheko. Daktari akavaa glavu. Alimshika bata inavyopasa: mabawa yamebanwa ubavuni, kiganja chini ya tumbo. Sisi tumezoea kumning'iniza kwa miguu, na miguu ya bata haina nguvu hiyo. Akageuza wayo: kigaga cheusi, cha mviringo, katikati kabisa. Bata ni mzito, sakafu ni ya saruji na haikauki. Mkwaruzo mdogo tu unatosha bakteria kupenya. Usaha wa ndege hautiririki, hugandamana, kwa hiyo kukamua nyumbani ni kumtesa bure. Alilowekwa mguu katika maji vuguvugu ya chumvi, kigaga kikabanduliwa, kiini kikatolewa, bendeji ikafungwa.

Kabla ya kuandika dawa, daktari akauliza: "Mayai yake mnakula?" Ukimpa bata antibiotiki, mayai hayaliwi mpaka siku za kusubiri ziishe. Dukani kwa dawa za mifugo, mimi nimeuziwa pakiti bila kuulizwa hilo.

*

Njiani nikasikia: "Matibabu yanazidi bei ya bata!" Huenda. Mbwa koko aliyeokotwa bure anatibiwa, na hakuna anayepiga hesabu hiyo.

*

Vifaranga wa bata wakikunja miguu, wengi wetu hulaumu baridi. Mara nyingi ni chakula cha vifaranga wa kuku: bata anahitaji niasini zaidi ya kuku, na asipoipata miguu hupinda. Akiwahiwa, vitamini kwenye maji humsaidia.

*

Lakini linaloniudhi ni hindi lenye ukungu. "Hili si la watu, mpe bata." Kati ya ndege wa kufugwa, bata ndiye asiyefaa kabisa kupewa. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na ndipo sumukuvu iitwayo aflatoksini ikajulikana. Baadaye maabara zilipotaka kuipima sumu hiyo, zilitumia vifaranga wa bata wa siku moja, kwa kuwa ini lao huharibika kwa kiasi kidogo mno. Na sisi hatujasalimika: mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

*

Bata aliyelegea shingo ghafla, na karibu kuna dimbwi lenye mzoga au funza, huenda amekula sumu; asingojewe hadi kesho.

*

Ukimpeleka bata kwa daktari, tia na konzi ya chakula chake kwenye mfuko. Kama kina ukungu, sema hivyo hivyo. Hapo kliniki hakuna atakayekushitaki.